Wakuu, nimepata chumba hosteli: nikipange kwa staili gani bila kugombana na rumeti wala wadeni (msimamizi wa hosteli)?

kijana_wa_Korogwe

Habari za mda huu wakuu. Mi ni mwaka wa kwanza, nimepangiwa hosteli hapa Dar, chumba cha watu wanne, deka mbili (vile vitanda vya juu na chini). Niliwahi kufika kwahiyo nimedaka kitanda cha chini upande wa dirisha, waliochelewa wamepanda juu. Chumba chenyewe ndo hivi vya chuo mnavyovijua, ukuta nusu ya chini umepigwa rangi ya mafuta kahawia, nusu ya juu krimu iliyochoka, sakafu simenti, taa moja ya tyubu katikati, pangaboi lipo ila lina spidi moja tu, soketi mbili kwa watu wanne.

Sa ishu yangu ni hii. Boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) bado halijaingia ila nimetenga kama laki na nusu hivi nipapendezeshe kidogo, maana nitaishi humu mpaka mwezi wa saba na mi siwezi kusoma sehemu iliyonuna. Kichwani nina staili tatu. Ya kwanza ile ya vyumba vya mtandaoni, kila kitu cheupe, mbao mbao, mmea mmoja, vitu vichache. Ya pili binamu yangu wa Sinza ananishauri niweke taa za LED za zambarau na stika za ukutani, anasema ndo geto la kisasa. Ya tatu ni mama, kanifungia kanga doti mbili na mkeka wa ukili kutoka nyumbani, kasema vitanifaa, ila naogopa wenzangu wataniona wa kuja.

Kuna rumeti mmoja tayari kashabandika bango la Yanga kubwa juu ya kabati. Mi ni Simba. Naomba ushauri, matusi hapana.

Babu_Kipara

Enzi zetu dogo ulikuwa unakuta kitanda, godoro, shuka na blanketi la chuo, unaingia na sanduku lako la bati unalala. Staili ilikuwa moja tu, ya serikali. Leo mnajinunulia godoro afu mnauliza rangi ya pazia 😂 Kuchangia gharama kumeleta mambo.

mtu_chake

Mwanaume anapamba chumba? Kweli dunia imeisha.

Bibie_Changombe

@mtu_chake we lala kwenye chaga tupu bila godoro ili uonekane dume, hakuna aliyekukataza. Wanaojua Kiswahili cha nyumba wanaendelea.

Mdogo wangu wa Korogwe, mi nimemaliza chuo, nimekaa hosteli miaka yote mpaka nikawa nawapokea wageni. Kabla hujachagua staili jibu maswali mawili. Moja, likizo ndefu ikifika mtatolewa vyumbani au mnabaki? Vyuo vingi mnatolewa na vitu vyenu vyote, na mwaka ujao unaweza ukapangiwa jengo lingine au ukakosa kabisa ukaenda kupanga mtaani. Maana yake kila utakachonunua lazima kiingie kwenye begi la shangazi kaja na kipande basi la Korogwe. Kisichokunjika usinunue. Meza ya kioo, rafu ya mbao, kochi la mfuko, achana navyo, utaishia kumwachia mlinzi kwa bei ya soda.

Pili, ukuta ni wa nani? Wa chuo. Misumari wengi wanakataza na ukibandua rangi wanakukata kwenye ile hela ya tahadhari uliyolipa mwanzo. Soma ile karatasi uliyosaini ukipokea ufunguo, najua hukuisoma, hakuna anayeisoma.

Kwahiyo hapo umeshabakiwa na nini? Nguo. Vitambaa. Staili yoyote utakayochagua kwenye chumba cha hosteli unaifanya kwa kitambaa, shuka, pazia, foronya, kitu cha kutandika chini. Vitambaa ndo vinashika eneo kubwa linaloonekana, vinafulika na vinakunjika. Mengine yote ni chumvi juu. Na mama yako keshakupa doti mbili, yaani kanga nne, we unataka nini tena?

kijana_wa_Korogwe

Karatasi kweli sijasoma dada, nimeenda kuitoa kwenye bahasha sasa hivi. Misumari hairuhusiwi, kupaka rangi hairuhusiwi, "kifaa chochote cha kupikia kinachotumia umeme" hakiruhusiwi. Taa za LED hawajazitaja.

mchora_ramani

Naomba niseme kidogo maana hii ndo fani ninayoisomea. (Kidogo changu ni kirefu, mnisamehe.)

Mleta mada umetaja rangi ya mafuta chini na krimu juu, watu wanadharau hiyo taarifa ila ndo ya muhimu kuliko zote. Rangi ya mafuta inateleza, inafutika kwa kitambaa, gundi inashika vizuri na ukitaka kubandua unapasha joto kidogo na feni ya nywele au unapaka mafuta ya kula inaachia. Ile ya juu ni rangi ya maji, na kwenye majengo mengi imepakwa juu ya vumbi la rangi ya zamani. Ukibandika selotepu ya pande mbili pale juu, mambo mawili yanatokea: ama kwa unyevu wa Dar inadondoka usiku, ama inashika kweli na siku ya kuhama inaondoka na kipande cha ukuta. Ndo maana stika zile za matofali zinazouzwa Kariakoo zinapendeza wiki ya kwanza afu kona zinaanza kujikunja. Binamu yako wa Sinza amepanga, anaweza kuelewana na mwenye nyumba wake. We huna huo ubavu. Kwahiyo kitu chochote cha kubandika kibandike kwenye nusu ya chini, na cha juu kining'inie kwenye kitanda au dirisha, kisiguse ukuta.

Sasa kuhusu staili. Hiyo nyeupe ya mtandaoni usiidharau lakini usiinunue kama ilivyo, maana mnaiona kama kitu cha Ulaya wakati kwetu Pwani ipo siku nyingi. Ingia nyumba za mawe za Mji Mkongwe au Lamu. Vyumba ni virefu na vyembamba sana, upana wake mara nyingi ni kama mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, kwasababu dari ilishikiliwa na boriti za mikoko na mkoko mrefu na imara zaidi ya hapo kuupata ni shida. Kwahiyo mti ndo ulipanga ukubwa wa chumba. Sasa mtu anaishije kwenye chumba chembamba bila kuhisi kabanwa? Walipaka chokaa nyeupe ili mwanga kidogo unaoingia uzunguke. Vitu wakavipandisha ukutani kwenye zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa kwenye ukuta wa matumbawe, vyombo vya kauri vikapangwa humo, sakafu ikabaki na mkeka basi. Rangi kali ilikuwa chache na imewekwa kwa makusudi, kwenye mto, kwenye zulia, kwenye nguo.

Chumba chako cha hosteli nacho ni chembamba. Pima, utakuta hakiko mbali na hizo mita tatu. Kwahiyo kanuni ni zilezile. Shuka jeupe au krimu ifanane na ukuta wa juu (ukifananisha, ukuta uliochoka unaonekana kama ulikusudiwa), vitu vipande juu visikae sakafuni, rangi kali iwe sehemu moja tu ambayo ni kanga zako, na mkeka chini. Umepata ile ya kwanza na ile ya tatu kwa pamoja.

Ya pili, LED. Huo mkanda ni wa mita tano, unatumia volti 12 na kiadapta chake, umeme hauli. Tatizo sio mkanda, ni rangi. Zambarau inafanya ngozi ya mtu ionekane mgonjwa na huwezi kusoma nayo hata ukurasa mmoja. Kama unataka chumba kiwe na mvuto usiku tafuta balbu au mkanda wenye mwanga wa njano. Angalia boksi kuna namba inayoishia na herufi K: 6500 ndo ile nyeupe ya hospitali ambayo ndo mnayo kwenye tyubu, 3000 au 2700 ndo ya njano inayotuliza. Zima tyubu, washa taa ndogo ya njano chini ya kitanda cha juu, utadhani umehama jengo.

Mzaramo_og

Uzi tayari. Nimeweka mkeka wangu pembeni nasoma, mchora_ramani endelea kushusha.

kamaradi_wa_Juja

Niaje wakubwa. Huku kwetu Juja, Kenya, wengi tunaishi bedsita (chumba kimoja cha kupanga) sio hosteli, kwa hiyo landilodi hajali, lakini hiyo story ya taa za zambarau imetuua sisi pia, ukipita usiku kila dirisha ni zambarau, unadhani ni klabu moja kubwa. Mimi nilipamba keja na leso mbili kutoka Mombasa na shuka ya Kimasai nyekundu, vitu zingine ni mtumba wa Gikomba. Wageni wote wanauliza nilinunua wapi. Kijana, hizo kanga za mathe usizifiche.

Mama_Pazia_Tandika

Mi nashona mapazia, wanafunzi wananijia kila mwaka mwezi wa kumi na wa kumi na moja, ngoja nikupe hesabu mwanangu usije ukaibiwa.

Kitanda cha chini cha deka wengi mnaweka pazia la kujificha kidogo, unafunga kamba kwenye nguzo za deka unapitisha pazia. Kitanda ni futi sita, ndo yadi mbili. Pazia likae na mikunjo yake usipige bapa, zidisha mara mbili, yadi nne. Kitenge kinauzwa pisi ya yadi sita. Upana wa kitenge ni inchi kama arobaini na tano na ndo unaulaza uwe urefu wa pazia, unatosha kutoka chini ya godoro la juu mpaka godoro lako na unazidi kidogo. Kwahiyo katika pisi moja unapata pazia zima na zinabaki yadi mbili, hapo foronya na kitambaa cha kufunika kimeza. Kila kitu kimefanana, bila kununua kingine. Wanafunzi wanakuja wananunua pazia la dirishani lililoshonwa tayari Mtaa wa Kongo wanakuja kulikata kwangu, hela imeenda mara mbili.

Ila wewe uko kitanda cha dirishani na Dar ina joto, kitenge kizito kitakufungia hewa, pangaboi halitakufikia. Kwako ningesema upande wa dirisha acha wazi, upande wa mlango ndo uweke kitenge, na ukitaka upande wa kichwa weka shia, kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Na chandarua usitoe eti kinaharibu muonekano! Kifunge vizuri mchana kwa kamba ya kitambaa kilekile cha pazia, kinakuwa sehemu ya pambo.

Kanga za mama usizikate. Kanga ina mji na pindo zake na jina lake, ukikata umeharibu. Tundika nzima.

Bibie_Changombe

Mama Pazia kasema kweli. Na dogo soma jina la kanga kabla hujatundika 😂😂 chumbani kwetu kulikuwa na dada alitundika kanga imeandikwa "Nilijua mtasema" ikaelekea kitanda cha mwenzake. Walinuniana wiki nzima, mwenzake akaenda Kariakoo akarudi na ya kwake ya kumjibu. Kilichopamba chumba chetu muhula ule ni vita ya kanga.

kijana_wa_Korogwe

Nimezikunjua sasa hivi. Moja imeandikwa "Wema hauozi", nyingine "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nadhani niko salama 😅

Mgogo_halisi

Mkuu mi niko Dodoma naomba niongeze, maana watu mnaongea Dar tu. Huku shida ni vumbi, na mwezi wa sita wa saba usiku baridi inauma. Mwanangu mmoja alileta zulia la manyoya jeupe, lile refu linalozamisha vidole. Baada ya miezi michache lilikuwa rangi ya udongo wa Dodoma na halifuliki, ukilikung'uta unapiga chafya siku mbili. Manyoya kwenye hosteli HAPANA. Mkeka unakung'uta dirishani unatandika. Ukitaka laini tandika mkeka afu juu yake kipande kidogo cha zulia jepesi mbele ya kitanda tu, kile kinachofulika kwenye beseni.

Na shuka la Kimasai nakubaliana na wa Juja, kwetu huku ni blanketi, ni pambo, ni koti la kwenda kusoma usiku.

muuaji_wa_kunguni

Watu mnapamba pamba hamjataja mwenyewe wa hosteli. KUNGUNI.

Niseme wazi kabisa: staili yoyote inayotengeneza mahali pa kujificha ni staili ya kunguni. Wanakaa kwenye nyufa za mbao, kwenye mishono ya godoro, nyuma ya mabango na nyuma ya stika ambayo kona zimejikunja (hiyo bwana mchora_ramani hukuisema). Hawaishi mwilini mwa mtu, wanakuja kula usiku wanarudi kwao, na wanaweza kukaa miezi bila kula, kwahiyo ile ya "chumba kilikuwa kimefungwa likizo nzima kwahiyo wamekufa" ni kujidanganya.

Kabla hujatandika hiyo shuka nyeupe: toa chaga zote nje, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio na kwenye matundu ya misumari, anika. Kama deka ni la chuma angalia kwenye mirija pale palipochomelewa. Vitu vya mtumba vyote, mapazia, shuka, mito, loweka maji ya moto kweli kweli kabla havijaingia chumbani, kunguni na mayai yake hawavumilii joto la zaidi ya nyuzi 50. Mto wa mtumba wenye pamba ndani usinunue kabisa. Sogeza kitanda kisigusane na ukuta, na pazia lako la kitenge lisiburuze chini.

Faida ya shuka jeupe ndo hiyo nayo, alama ya kunguni unaiona siku ya kwanza. Shuka la maua maua la kahawia unaishi nao muhula mzima unajikuna unasema ni joto.

mtu_chake

Hapa sasa ndo uzi umekuwa wa kiume.

Bibie_Changombe

@mtu_chake karudi, karibu mwaya. Kumbe godoro unalo 😂

mwananchi_wa_Jangwani

Mi naomba nimtetee rumeti mwenye bango la Yanga. Kijani na njano ni rangi za maua, chumba kitachangamka. Tangu 1935 hazijawahi kumchosha mtu.

kijana_wa_Korogwe

Mkuu we acha tu 😂 shida sio bango, shida ni kwamba anataka sisi wote wanne tuchange tununue pazia la dirisha la kijani. Na rumeti wa juu yangu anataka LED. Wa nne hana neno, anasema yeye atakuwa maktaba. Yaani kila mtu ana staili yake na chumba ni kimoja, mnafanyaje kwenye hali hiyo?

mchora_ramani

Hilo ndo swali ulilotakiwa kuanza nalo kwenye uzi. Gawanyeni chumba kwa ngazi. Vitu vya wote, yaani pazia la dirisha, sakafu na taa ya juu, viwe havina upande: pazia la krimu au kijivu, mkeka. Vitu vya mtu mmoja mmoja ni ndani ya fremu ya kitanda chake. Mtu akikaa ndani ya deka yake anaweza kuwa Yanga, anaweza kuwa Simba, anaweza kuwa zambarau ilimradi pazia lake limefunga na mwanga hautoki. Deka mnaiona kama adhabu ila kwa upande wa mpangilio ni zawadi, kila mmoja amepewa kijichumba chenye nguzo nne na dari. Nyumba nyingi hazina hiyo.

Bango la Yanga likae upande wa ndani ya mlango wa kabati lake. Akifungua kabati anaiona timu yake, akifunga nyie mnapumua.

mwananchi_wa_Jangwani

Kumfungia bingwa kabatini!! Nitarudi baadae.

Zena_wa_block_C

Samahani naingilia, kwa upande wetu wa kina dada kuna kitu hamjakitaja, kubebana. Kitanda cha mtu mmoja mnalala wawili kwasababu mwenzako kakosa chumba, ndo uhalisia huo, hata majengo yaliongezwa (hosteli za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, zilizinduliwa 2017 kwa wanafunzi 3,840) lakini wanafunzi nao wanaongezeka. Sasa ukipamba kwa vitu vingi, mito sita ya mapambo, mdoli mkubwa, vikapu, mgeni wako analala wapi? Mi sheria yangu ni kila pambo liwe na kazi. Kikapu cha Iringa kile cha milulu kimening'inia kwenye nguzo ya deka, kinapendeza ila ndani kuna mafuta, vitana na chaja. Ungo upo ukutani ila Jumamosi tunachambulia mchele, msiniulize mchele unapikwa wapi 🤫 Mto mkubwa umejazwa nguo za baridi ambazo Dar sizivai, foronya ya kitenge, hakuna anayejua kama ni nguo.

Vitu kama ungo, kikapu na kawa sasa hivi mtandaoni vinaitwa boho na vina bei ya kutisha. Nenda Tandika au Ilala sokoni nunua panapouzwa vyombo vya jikoni, usinunue panapouzwa mapambo. Kitu kilekile.

Mama_Pazia_Tandika

Huyu binti ana akili. Mto wa nguo nimewashonea wengi, weka zipu sio vifungo.

fundi_wa_nyaya

Mi fundi umeme, nawaomba sana. Vitambaa vyote hivyo mnavyovisifia vikikutana na ekstensheni ya bei rahisi hakuna atakayewatetea. Soketi mbili watu wanne, najua mtachomeka ekstensheni juu ya ekstensheni. Simu, laptopu, feni ndogo, mkanda wa LED, hivyo vyote pamoja havifiki mbali, waya mwembamba unavumilia. Ila akitokea mmoja kaingiza hita ya kuchemshia maji, hizo ni wati elfu moja na zaidi, birika linaweza kufika elfu mbili, ule waya unapata moto wenyewe bila cheche, na juu yake kuna pazia la kitenge. Ekstensheni isipite chini ya mkeka, isifunikwe na kitambaa, isikae kitandani. Iwe ukutani upande ule wa rangi ya mafuta, mahali inapoonekana. Ikionekana mbaya ni sawa, iache iwe mbaya.

Babu_Kipara

Hapo nakubaliana na fundi. Sisi tulichemsha chai kwa nyembe mbili na waya, sisemi zaidi maana kuna watoto humu.

kijana_wa_Korogwe

😂😂 shikamoo babu.

Sawa wakuu nimepata mwanga. Swali la mwisho kabla sijaenda sokoni, je ukutani niweke nini? Maana nusu ya juu ni tupu kabisa na mmesema nisibandike. Nilifikiria picha ya Tingatinga, niliiona moja ya chui nikaipenda sana, lakini sijui kama inaendana na hiyo staili ya Pwani.

mchora_ramani

Inaendana, na kuna kitu kizuri hapo. Edward Tingatinga alianza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za kawaida za dukani, kwenye vipande vya hadibodi vya mraba. Alifariki 1972, kwahiyo ni miaka minne tu, lakini wanafunzi wake wakaendeleza mpaka leo. Mara nyingi ni mnyama mmoja, nyuma rangi moja iliyotulia, basi. Ndo maana inaonekana hata kwenye chumba kidogo. Ukienda pale Morogoro Stores, Oysterbay, wapo wenyewe wanachora unaangalia. Chukua ndogo, nyepesi, iliyo kwenye kitambaa isiyo na fremu, maana ile unaikunja kwenye mrija inaenda Korogwe salama. Ila iwe moja. Ukiweka chui, tembo, twiga na wacheza ngoma wa Kimasai kwa pamoja chumba kinakuwa duka la watalii.

Kutundika: funga fimbo nyembamba au kipande cha mwanzi juu, ning'iniza na kamba kutoka kwenye nondo ya dirisha au nguzo ya deka. Hata kanga itundike hivyohivyo, pitisha fimbo kwenye upindo. Kanga ina urefu kama mita moja na nusu, ukiilaza kwa upana nyuma ya kitanda inafunika ule mpaka wa kahawia na krimu, na kuanzia hapo jicho halioni tena kwamba ukuta una rangi mbili. Hiyo ndo siri kubwa ya vyumba vyetu, ule mstari wa katikati ndo unaofanya chumba kionekane ofisi ya kata. Ufiche mstari.

Mzaramo_og

"Ofisi ya kata" 😭😭 nimekaa na huo mstari miaka mitatu sikujua nini kinanikera.

kijana_wa_Korogwe

Mrejesho wakuu. Jumamosi nimeenda Karume kwenye mtumba na rumeti wangu wa Yanga (tumeelewana, bango limehamia ndani ya kabati lakini kwa sharti kwamba siku ya dabi mlango unafunguliwa). Nimepata shuka nyeupe mbili za pamba nzito, kubwa sana za kitanda cha Ulaya, Mama Pazia nadhani kila moja inatoa mbili za deka, nitakuletea. Pazia la dirisha krimu tumechanga wanne. Kitenge pisi moja, buluu iliyokolea yenye nyeupe. Balbu ya njano nimezunguka maduka mengi kweli, wote wana ile nyeupe, mpaka mzee mmoja akaniuliza "ya njano ya kufugia vifaranga?" ila nikapata. LED ya rumeti wa juu ameiweka ndani ya kitanda chake, saa nne usiku inazimwa, tumeandikiana na kusainishana kabisa. Vitu vya mtumba vyote vimepigwa maji ya moto na chaga zimechemshiwa.

Kanga ya "Mgeni njoo" ndo imekaa nyuma ya kitanda, mstari umekufa. Mkeka wa mama upo chini, na yule rumeti wa maktaba ambaye hana neno ndo amekuwa wa kwanza kuukalia, sasa haendi tena maktaba. Tingatinga nasubiri boom.

Hela imebaki kidogo, nifanyie nini? Kabati mlango haufungi.

fundi_wa_nyaya

Bawaba. Nunua bawaba mbili na skrubu, hilo sio pambo ni usalama.

Zena_wa_block_C

Na kufuli.

Mzaramo_og

Picha muhimu mkuu. Uzi wote huu bila picha hapana.

kijana_wa_Korogwe

Wadeni anapita kukagua Jumatatu na rumeti wa Yanga ana hita ipo mezani inaonekana kila kona ninayopiga. Akishapita naweka.